Domitilla Aliyeshika Pindo

Kwetu Rocca Sorda, ukimtafuta Ibrahimu utamkuta shambani anapalilia vitunguu. Musa ana bucha karibu na kisima. Yohana Mbatizaji alikuwa mlevi, Mungu amrehemu, na ndevu zake bado ziko kwenye kuta za makanisa ya nchi ambazo hata majina yake yanatushinda kuyatamka. Ndiyo kazi yetu. Ardhi yetu ni mawe matupu, kwa hiyo tangu enzi za babu zetu, mavuno yakiisha, mwenye sura anashuka Roma, anasimama kwenye ngazi kubwa za pale mjini na nguo zake za sikukuu, na wachoraji wa kigeni wanapita wanachagua: wewe njoo uwe Petro, wewe mama njoo uwe Hana. Unakaa, unachorwa, unalipwa, unarudi nyumbani na viatu vipya. Watu wa vijiji vya jirani wanatucheka eti tunakula kwa kukaa kitako. Haya, wao wajaribu kusimama mikono juu kama Musa kutwa nzima, halafu waje tuongee.

Domitilla alikuwa mmoja wa watu hao wenye sura. Sisemi alikuwa mzuri. Uzuri tunao wengi. Alikuwa na uso mrefu wa mtu anayesubiri habari, na wachoraji walimpenda kwa hilo. Aliolewa na Evaristo, mtoto wa yule msaga unga wa bondeni, mwanamume mrefu, mcheshi, ambaye utotoni nyumbu wa kubebea mizigo alimnyofoa kipande cha sikio la kushoto. Evaristo alijua kuongea na wageni. Maneno mawili matatu ya lugha zao, mikono mingi, kicheko, na mambo yanakwenda.

Kitu kimoja kiliwapita. Mimba za Domitilla zilishika na kutoka, zikashika na kutoka, mpaka mkunga akaacha kuja na kikapu chake. Nawe unajua maneno ya watu. Mwanamke asiye na mtoto kwetu hana pa kukaa. Kisimani anapisha wenye watoto, harusini anawekwa nyuma, na akimsifia mtoto wa mwenzake uzuri, mama anamfuta mtoto uso haraka kana kwamba kamwagiwa kitu. Domitilla aliyavumilia yote hayo bila kununa, ndiyo maana wengi wetu tulidhani hayamuumi.

Halafu mwaka ule, wakati wa Kwaresima, mvishaji wa sanamu ya Bikira akafariki. Niseme hili vizuri maana ndilo lililomwua Domitilla akiwa hai. Kila Agosti, kabla ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, akina mama wa chama cha Bikira wanafunga milango ya kanisa, wanaume wote nje, hata Padre, na wanambadilisha Bikira nguo. Mmoja wao tu ndiye anayembandika joho la buluu mabegani kwa pini. Huyo ndiye mvishaji. Anachaguliwa mara moja, mpaka kufa, na pini anazitunza yeye, kazichomeka kifuani juu ya gauni lake watu wazione. Mbele ya mvishaji hakuna anayesema upuuzi. Anaitwa mama na kijiji kizima, awe kazaa au hakuzaa.

Mkuu wa chama alikuwa Settimia, dada yake Evaristo, mwanamke mkali aliyekuwa akiogopwa na mbwa. Wanawake walidhani atamchagua mmoja wa mabinti zake. Yeye akasimama mbele ya altare akasema, "Wifi yangu Domitilla. Mikono yake safi na mdomo wake mfupi. Mwenye neno aseme sasa." Nani aseme? Pini zikahamia kifuani kwa Domitilla, na siku ile alitembea kijijini kama mtu aliyejifungua.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye majira ya baridi kabla ya hapo, Roma. Mjerumani mmoja mwenye kikohozi alikuwa anachora picha za Biblia nzima, toka Adamu mpaka tarumbeta za mwisho, zikachongwe kwenye mbao huko kwao na kupigwa chapa za kuuzwa nyumba kwa nyumba. Alikuwa anahitaji watu kila siku. Evaristo akampata, na akampeleka mke wake. Kwetu mwanamke aliyeolewa hakai kuchorwa peke yake. Lazima mume au kaka awepo, kwenye kiti pale mlangoni. Evaristo alikaa kwenye hicho kiti.

"Anataka niwe nani?" Domitilla aliuliza siku ya kwanza.

Evaristo akaongea na Mjerumani, wakapunga mikono, akarudi. "Yule mama aliyetokwa damu. Wa kwenye Injili. Unapiga goti pale juu ya sanduku, unainama mbele, unashika pindo la vazi la Yesu."

"Mimi?"

"Sasa nani, mimi?"

Domitilla akapanda juu ya sanduku. Walitundika joho kwenye msumari, akapiga goti, akalishika kwa mkono wa kulia. Alilishika siku nyingi, mpaka mkono ukawa unakufa ganzi na inabidi Evaristo amsugue vidole jioni. Mara nyingine machozi yalimtoka yenyewe. Mjerumani alipoyaona alifurahi, akapiga kelele, na Evaristo kule mlangoni akacheka akatafsiri: "Anasema usifute!" Picha hakuiona. Mchoraji alikuwa akiifunika, na kwetu mtu hazunguki nyuma ya ubao bila kukaribishwa. Jioni Evaristo alibaki nyuma kidogo, eti anamsaidia mzee kuosha brashi. Domitilla alitangulia chumbani kuwasha moto na kusonga ugali wa polenta, moyo mweupe.

Na tangu aliporudi, alilisimulia lile pindo. Mtu asiyependa kuongea, lakini hilo aliliongea. Kisimani, kwenye tanuri ya mkate, hata kwa watoto. "Mimi nimeshika pindo." Wenzake walimzoea. Akipita wanasema, "Shikamoo mwenye pindo," naye anacheka.

Ndipo ukaja mnada wa Mtakatifu Antoni, mwezi wa sita, na mchuuzi wa picha akateremka kutoka milima ya kaskazini na mzigo wake mgongoni. Huyo kwetu akija ni sherehe. Anafunga kamba kati ya miti miwili, anabana picha kwa vibanio, na kijiji kizima kinakimbilia kujitafuta. "Jamani, Checco amekuwa Herode!" "Hata bila kuchorwa alikuwa Herode, muulizeni mkewe!" Watu wakavunjika mbavu. Halafu upande wa pili wa kamba kicheko kikakatika, kikaanza upya, lakini kingine, kile cha chini chini.

"Domitilla," akaita Pasqua, mwanamke wa kwenye tanuri, ambaye hajawahi kuonja habari mbaya asiigawe. "Shoga, njoo ujione."

Watu wakampisha. Alikuwa ni yeye, kila unywele. Uso wake mrefu, machozi yake. Ila alikuwa amepiga goti juu ya kitanda, mapazia yamefunguliwa, na bega moja wazi, bega ambalo Domitilla hakumwonyesha mtu yeyote duniani ila mumewe. Mkono wa kushoto umekamata joho la kijana anayekimbia kuelekea mlangoni.

"Hiyo ni Yusufu na mke wa Potifa, mama," mchuuzi akasema, maskini ya Mungu, anafanya biashara. "Inapendwa sana hiyo."

"Kumbe pindo lenyewe ni la Yusufu!" Pasqua akapasua. "Na kashikilia kwa mkono wa kushoto, jamani, kama wachawi!"

Kijiji kililipuka. Nasi tulicheka, sitasema uongo. Domitilla hakuondoka. Alikuwa anamwangalia yule kijana anayekimbia. Uso wake hauonekani, ni mgongo tu, na kisogo, na sikio lililonyofoka kipande.

Nyumbani alimkuta Evaristo ameshasikia.

"Ule mgongo ni wako," akasema.

"Mgongo ni mgongo."

"Na sikio?"

"Sikio gani? Lile la pichani ni la kulia. Langu ni hili hapa." Akageuza kichwa, akamwonyesha la kushoto. "Mjerumani katudanganya wote wawili, Tilla. Kachukua uso wako akaupeleka anakotaka. Ndivyo walivyo. Utafanyaje?"

Na Domitilla akamwamini. Alitaka sana kumwamini. Usiku mzima alijilaza na hilo: ni Mjerumani, ni Mjerumani.

Asubuhi ilikuwa zamu yake ya kuoka. Tanuri yetu ni moja, kwa hiyo kila nyumba ina muhuri wake wa mti wa kugonga kwenye mkate mbichi usije ukaliwa na jirani. Wa kwao una jogoo. Domitilla akaugonga kwenye mkate wa kwanza, akaunyanyua kugonga wa pili, na hapo akasimama. Jogoo wa kwenye mti anatazama kulia. Jogoo wa kwenye mkate anatazama kushoto. Miaka yote ameugonga muhuri ule na hajawahi kujali. Akatazama mkono wake wa kulia, ule uliokuwa unakufa ganzi, ambao pichani umekuwa wa kushoto. Picha ya chapa inachongwa kwenye mti.

Alirudi nyumbani na muhuri mkononi na mkate mbichi kwenye ubao, akaviweka mbele ya mumewe. Evaristo alivitazama muda mrefu. Hakuwa mjinga.

"Mzee aliwahi kuniambia kwamba zinageuka," akasema mwishowe.

"Kwa hiyo ulijua."

"Ningekwambia ukweli, ungekubali kukaa?"

"Nisingekubali."

"Basi."

"Basi nini, Evaristo? Basi nini?"

"Basi baridi ile tungekula nini? Mgeni alitaka yule mwanamke, alikutaka wewe, hakuna mwingine aliyemfaa. Nikasema nitafute mama yeyote wa kwenye Biblia anayeshika nguo ya mwanamume. Nikampata." Hata hapo alijaribu kutabasamu kidogo. "Nilijua picha zinaenda kwao huko. Nani angejua zitarudi huku?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Domitilla alikaa chini kwenye ngazi ya mlango, na kitu alichohisi hakikuwa hasira bado. Ilikuwa ni kama mtu aliyegundua kwamba nyumba anayoishi haina ukuta mmoja. Lakini alikuwa na la haraka zaidi. Settimia alishatuma neno: Jumapili baada ya misa, sakristia, kile chumba cha nyuma ya altare, mbele ya Padre, waamue juu ya pini. Mke wa Potifa hawezi kumgusa Bikira.

"Sitaki ulie mbele ya watu," akamwambia mumewe. "Sitaki hata uniombe msamaha. Sema sentensi moja tu: nilimdanganya mke wangu. Basi. Inatosha."

"Nitasema."

"Apa."

"Naapa kwa kaburi la mama yangu. Nitasema, Tilla. Si mke wangu wewe?"

Jumapili sakristia ilijaa. Padre Callisto alikaa kwenye kiti pekee kizima kilichokuwepo, mtu mpole, anayechoka mapema. Settimia alisimama. Mlangoni walibanana akina mama wa chama, na Pasqua mbele yao, ingawa hakuwa wa chama. Ile picha ilikuwa mezani; Settimia alizinunua zote zilizokuwepo kwa mchuuzi, akazichoma, akaacha hiyo moja.

"Evaristo," Padre akasema, "ulikuwepo akichorwa?"

"Nilikuwepo, Baba. Kwenye kiti, mlangoni."

"Ulijua anachorwa awe nani?"

Evaristo aliitazama kofia yake. Aliigeuza. Domitilla alimtazama mdomo, akisubiri ile sentensi kama anavyosubiriwa mtoto mdogo anayejifunza kutamka.

"Sikujua," Evaristo akasema.

"Evaristo," Domitilla akasema taratibu, akidhani kashikwa na aibu tu. "Sema vizuri."

"Sikujua, nimesema."

"Huyu anayekimbia ni yeye!" Sauti ikampanda. "Baba, tazama sikio! Tazameni sikio!"

"La kulia hilo!" Pasqua akadakia mlangoni. "La Evaristo nyumbu alikula la kushoto, mimi nilikuwepo, nyumbu mwenyewe alikuwa wetu!"

Watu wakacheka. Domitilla hakubishana. Akatoa muhuri mfukoni mwa aproni, akachukua mshumaa mezani, akadondosha nta juu ya sahani, akagonga. Akauweka muhuri kando ya nta. Padre akainama akaangalia jogoo wa mti, akaangalia jogoo wa nta, akaichukua picha, akaangalia sikio, akamwangalia Evaristo.

"Ni kweli," akasema. "Chapa inageuza. Ni wewe huyu, mwanangu."

Nakwambia, kama kuna siku mtu alifunguliwa mlango ili aseme ukweli, ni siku ile. Alikuwa amekwisha kamatwa. Hakubakiwa na kitu cha kuficha. Hata Pasqua alinyamaza, jambo ambalo halijatokea tena.

Halafu mtu mmoja kule nyuma, sijui nani, hakuna aliyekiri mpaka leo, akasema, "Kwa hiyo Evaristo ndiye Yusufu!"

"Aliyekimbia!" mwingine akasema.

Kikaja kicheko, lakini hiki kilikuwa na upendo ndani yake. Evaristo akainua kichwa. Uso wake ulibadilika. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa anazama na mguu wake umegusa mchanga.

"Ndiyo, ni mimi," akasema. "Nilikuwa naficha kwa ajili ya kumsitiri mke wangu. Nilimkataza, Baba. Nilimwambia hii si picha ya mwanamke mwenye heshima. Hakunisikia. Nikaona, basi, afadhali nisimame mimi pale kuliko asimame mwanamume mwingine."

Akina mama wakaguna kwa huruma. Mmoja akasema, "Maskini Evaristo."

Domitilla aligeuka kwa Settimia. Kwa Padre hakugeuka, maana Padre angemjua wapi Evaristo? Lakini Settimia alimlea. Settimia ndiye aliyekuwa anasimulia jikoni jinsi mdogo wake huyo, utotoni, akivunja chungu anamfungulia mbuzi mlango ili mbuzi apigwe. Macho yao yalikutana, wifi na wifi, na Domitilla akaona wazi kwamba mwenzake anajua. Anajua kila kitu. Settimia akamtazama mdogo wake, jasho likimtoka, kofia mkononi. Halafu akanyoosha kiganja.

"Pini," akasema, na sauti yake haikuwa na ukali wake wa kawaida.

Domitilla alizichomoa moja moja kifuani mwake. Hakuna aliyemsaidia, wala hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza, gauni lilibaki na vitobo vidogo, akavifunika kwa shali, akatoka.

Evaristo alimkimbilia mpaka kwenye njia ya kupanda.

"Tilla. Tilla, nisikilize. Ningesema vile, wangeniita kuwadi. Mwanamume aliyemuuza mkewe! Ningetembea wapi? Wewe ni mwanamke, watasema wiki mbili watasahau. Nami nitakununulia..."

Domitilla akasimama.

"Unajua nilikuwa naomba nini, pale juu ya sanduku?"

Evaristo akaanza kuigeuza kofia yake.

"Mtoto wako. Kila siku. Nimelishika lile joho kwa imani yangu yote, naomba mtoto wako, na wewe umekaa kwenye kiti unaniangalia ninavyolia, na unajua nimeshika nini. Nilidhani Mungu kaninyima." Alikuwa anaongea bila kupaza sauti, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Leo ndiyo nimeelewa alinihurumia. Angenijibu, mwanangu angekuwa na damu yako."

Akapanda zake kwa kaka yake, Orfeo, akaishi hapo mpaka uzeeni, anachunga mbuzi, anasokota sufu. Roma hakushuka tena, na kanisani alikaa benchi la mwisho. Wanawake wachache walijaribu miaka ya baadaye kumwita mama, hakuitika. Evaristo yeye alipata jina jipya tangu Jumapili ile. Wazee, watoto, hata Padre, wote walimwita Yusufu, na kila walipomwita, akiwa shambani au kilabuni kwenye divai yake, aligeuka akaitika.